Kutu Nyeupe? Chumvi na Chuma katika Maji ya Kupozea, Ijara

Utangulizi

Makala haya yanahusu maneno mawili, kutu na ukoko, pamoja na hasara inayotokea pale neno la kwanza linapobebeshwa kazi ya neno la pili. Mada yenyewe ni ya kiufundi: jinsi chumvi inavyojenga na jinsi metali inavyoliwa ndani ya mifumo ya maji ya kupozea majengo na mitambo. Msomaji asiharakishe kuuliza hayo yanamhusu nini mwanafunzi wa Kiswahili. Yanamhusu, kwani fundi hutibu kile alichokwisha kukipa jina, na jina likikosewa, dawa nayo hukosewa.

Mwandishi hakufikishwa kwenye mada hii na kitabu bali na injini. Wakati wa likizo moja alifika kwenye kisima kirefu kilichoko mbali na Mto Tana, katika upande wa Ijara unaoelekea msitu wa Boni. Jenereta ya dizeli iliyokuwa ikivuta maji ilikuwa imezimika kwa siku ya tatu, na ng'ombe walikuwa wamesimama kwenye mabirika makavu. Mzee aliyekuwa akitunza mashine alikuwa ameketi kivulini.

"Adeer, mashine imepatwa na nini?" nilimwuliza, nikimwita ami kwa Kisomali kama ilivyo ada.

"Kutu, mwanangu. Kutu ya huku ni nyeupe."

Akafungua kifuniko cha rejeta akanionyesha. Kwenye mdomo wake palikuwa na tabaka gumu jeupe, nene kama ganda la yai. Injini ilikuwa ikichemka kila siku, na mzee alikuwa ameshauriwa kwamba kutu hutolewa kwa asidi ya betri. Aliimimina. Povu likafura, weupe ukapungua, akafurahi. Asubuhi yake maji yalikuwa yakitiririka mchangani, kwani asidi ilikuwa imetoboa mirija myembamba ya aluminiamu. Wenye mifugo wakaanza kuswaga wanyama wao kuelekea mtoni, mwendo wa siku nyingi.

Tangu siku hiyo maneno "kutu nyeupe" hayakunitoka. Zinki iliyopakwa kwenye mabati hupata kutu ya rangi hiyo, lakini rejeta ile haikuwa na zinki. Kile alichonionyesha mzee hakikuwa kutu hata kidogo.

Maji ya Ijara

Ijara ni sehemu ya kusini ya Kaunti ya Garissa. Kusini yake iko Lamu na magharibi yake unapita Mto Tana. Masalani, ulio karibu na mto, hupata maji yenye tope kuliko chumvi. Ukiupa mto kisogo na kuelekea mashariki mambo hubadilika. Watu na mifugo hutegemea silanga zinazojaa wakati wa mvua na kukauka baadaye, na visima ambavyo vingi vyavyo hutoa maji ya chumvi. Kaskazini zaidi, kuanzia Habaswein kupitia Dadaab hadi Liboi, kuna hazina ya maji ya ardhini iitwayo Merti, ambayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 imezinywesha kambi za wakimbizi za Dadaab. Hata hazina hiyo ina maji matamu katikati tu. Ukisogea pembeni mwake, chumvi huzidi.

Kiswahili kimeyapanga maji haya kwa ulimi wa mnywaji. Tunayo maji matamu na maji ya chumvi. Na waandishi wa lahaja za kaskazini wanalo neno munyu. Tunayo pia maji baridi, yenye maana mbili: yasiyo moto, na yasiyo ya bahari, kama katika samaki wa maji baridi. Kwa hiyo mtu aweza kuipoza injini kwa maji yaliyo baridi ambayo si maji baridi, na chanzo cha tatizo letu ndicho hicho.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba maji yenye zaidi ya miligramu 1,000 za madini yaliyoyeyuka katika lita moja huanza kumchukiza mnywaji. Hiyo ni gramu moja tu kwa lita. Bahari ina gramu zipatazo 35. Ng'ombe huvumilia zaidi ya binadamu, na ngamia zaidi ya ng'ombe. Bomba halina ulimi wa kukataa, nalo hupokea kila kilichomo.

Mtungi na mnara

Mfano bora wa kuelezea mfumo wa kupozea ni mtungi wa udongo. (Siku hizi neno mtungi nchini Kenya limehamia kwenye dumu la plastiki la lita 20, hapa ninakusudia ule wa mfinyanzi.) Maji hupenya vinyweleo vya udongo yakafika nje, upepo ukayageuza mvuke, na mvuke ukaondoka na joto la maji yaliyobaki ndani. Lita moja inapogeuka mvuke hubeba joto la kutosha kupoza lita zipatazo 58 kwa nyuzi 10 za Selsiasi. Ndiyo maana maji ya mtungi huburudisha hata adhuhuri ya Garissa, ambapo joto hupita nyuzi 35 mara kwa mara.

Utazame mtungi uleule baada ya miezi michache, hasa uliojazwa maji ya kisima. Nje yake umepakaa unga mweupe. Maji yamekwenda, chumvi imebaki. Mvuke haubebi chumvi, na kanuni hii moja ndiyo inayotawala mambo yote yanayofuata.

Majengo makubwa ya mijini, kama hoteli, hospitali na mabenki, aghalabu hupozwa kwa namna iyo hiyo. Kiyoyozi kikuu hukusanya joto la vyumba na kulitia katika maji. Maji hupandishwa juu ya paa kwenye mnara wa kupozea, yakanyunyizwa katika mkondo wa upepo. Sehemu yake huwa mvuke, na yaliyobaki hushuka yakiwa yamepoa ili yaanze mzunguko upya. Chukua jengo ambalo mashine yake huondoa kilowati 350 za joto. Ukijumlisha na joto la kompresa yenyewe, mnara wake utavukiza takriban lita 650 kwa saa. Kwa siku ya saa 10 hizo ni lita 6,500, yaani madumu 325 ya lita 20. Na ikiwa maji hayo yana gramu moja ya chumvi katika kila lita, basi jioni kilo sita na nusu za chumvi zitakuwa zimebaki ndani ya mabomba. Kesho zitaongezeka nyingine.

Huko Ijara minara ya namna hii haihitajiki. Viyoyozi vinavyoonekana Masalani au Garissa ni vile vidogo vya ukutani ambavyo hutupa joto moja kwa moja hewani bila kutumia maji, na katika nchi kavu huo ni uteuzi wa busara japo hula umeme zaidi jua linapokuwa kali. Lakini rejeta ya jenereta ya kisimani ni ndugu wa mnara. Kinadharia maji yake hayatoki. Kiuhalisi injini huchemka, kifuniko huvuja, mvuke hutoka, na mtunza mashine hujaza kila asubuhi maji yaleyale yanayotoka kisimani. Kila dumu linaloongezwa huleta chumvi yake, na kila mvuke unaotoka huiacha.

Ukoko

Chumvi zilizomo ndani ya maji si za aina moja. Ile ya mezani huyeyuka kwa wepesi na haigandi upesi. Inayoganda hasa ni ya chokaa. Mvua hupitia ardhini ikichukua hewa ukaa, ikawa tindikali hafifu, nayo ikayeyusha mawe ya chokaa na kuyabeba kama bikaboneti ya kalsiamu. Maji haya ndiyo vitabu vya shule huyaita maji magumu, yanayokataa kutoa povu la sabuni. Yakipata moto, hewa ukaa huponyoka, na chokaa iliyokuwa imeyeyuka hurudi kuwa jiwe. Tena chokaa hii ina tabia ya ukaidi: sukari huyeyuka zaidi katika chai ya moto, ilhali yenyewe huyeyuka kidogo zaidi kadiri maji yanavyopata joto. Kwa hiyo haigandi ovyo. Huchagua mahali penye moto mkali kuliko pote, palepale ambapo bomba linahitajika kupitisha joto.

Jina lake tunalo jikoni. Ukoko ni ule wali ulioganda chini ya sufuria, na kila mpishi anajua kwamba sufuria yenye ukoko huchelewa kupitisha moto kwa kilicho juu yake. Shaba hupitisha joto zaidi ya mara mia moja kuliko tabaka la chokaa lenye unene uo huo. Milimita moja tu ya ukoko hutosha kuifanya injini ichemke, au kompresa ya jengo ihangaike na kuongeza gharama ya umeme. Baadhi ya wafasiri hutumia magamba, kwa kuufuata mfano wa samaki katika lugha za kigeni. Kwa maoni yangu ukoko hufaa zaidi, kwani magamba huota nje ya kiumbe nayo ni ngao yake, hali ukoko hukaa ndani ya chombo, huletwa na moto, na hukwanguliwa.

Liko pia neno ukoga, la uchafu unaotanda kwenye meno yasiyopigwa mswaki. Neno hili lingeweza kutufaa kwa ule utando laini wa vijidudu unaoteleza ndani ya mnara. Utando huo si jambo dogo. Mwaka 1976 waliokuwa wanajeshi wa Marekani walikutana katika hoteli moja mjini Philadelphia. Wengi waliugua homa ya mapafu isiyojulikana, na watu wapatao 30 wakafa. Kijidudu chake kilitambuliwa mwaka uliofuata kikaitwa Legionella, na inaaminika kilisambazwa na mfumo wa kupozea wa jengo. Hupenda maji ya uvuguvugu, na hujificha katika ukoko na kutu.

Kutu

Kutu ni kinyume cha ukoko. Ukoko huongeza, kutu hupunguza. Lugha yetu imelitambua hilo tangu zamani, kwani husema chuma kimeliwa na kutu. Mahali pamoja juu ya chuma atomu huachilia elektroni na kuingia majini. Mahali pengine, huenda ni kando tu, oksijeni iliyoyeyuka majini huzipokea elektroni hizo. Ni betri ndogo isiyo na swichi. Kinachobaki ni ule unga mwekundu, wenye nafasi kubwa kuliko chuma kilichouzaa, ndiyo sababu mabomba ya chuma huziba yakiwa yanatoboka.

Chumvi huichochea betri hiyo kwa njia mbili. Kwanza, maji yenye chumvi hupitisha umeme kwa wepesi kuliko maji matamu. Pili, kloraidi, ambayo ni nusu ya chumvi ya mezani, hupenya ule utando mwembamba unaoikinga metali. Hata chuma kinachosifiwa kwamba hakishiki kutu hutobolewa na kloraidi, tena kwa vishimo vidogo kama vya sindano ambavyo jicho halivioni hadi maji yatokeze upande wa pili. Mafundi wengi huongeza balaa bila kujua wanapounganisha bomba la shaba na la chuma katika maji ya chumvi. Chuma hujitoa mhanga, shaba ikasalimika.

Nimesema ukoko na kutu ni kinyume, lakini maadui hawa wawili husaidiana. Chini ya ukoko uliopasuka oksijeni haifiki sawasawa, na tofauti hiyo kati ya palipofunikwa na palipo wazi huanzisha betri mpya, hivyo chuma kikaliwa gizani. Kwa upande mwingine, tabaka jembamba la chokaa lililotanda sawasawa humkinga chuma na maji. Mwaka 1936 Wilfred Langelier wa Chuo Kikuu cha California alitoa hesabu ya kupima iwapo maji fulani yatatandaza chokaa au yataiyeyusha. Tangu hapo wahandisi hujitahidi kuyaweka maji katikati: yasijenge mno, yasile mno. Hata maji safi kabisa ya mvua si salama yakiwa peke yake. Ni maji yenye njaa, hayana madini ya kutandaza, nayo hushiba kwa metali.

Gharama ya tiba

Tiba ya kwanza ya mnara ni kumwaga. Sehemu ya maji yaliyokolea chumvi hutolewa, mapya yakaingizwa. Istilahi iliyozoeleka kwa maji hayo yanayotolewa haipo. Wengine husema maji mazito, nami ningewatahadharisha, kwa kuwa wanafizikia wamekwisha kulitwaa jina hilo kwa maji ya aina nyingine kabisa. Maji makali, je? Neno liko wazi kwa wasomaji kulijadili.

Hesabu ya kumwaga ni rahisi nayo inauma. Katika jengo letu la lita 6,500 kwa siku, ukitaka chumvi isizidi mara mbili ya ilivyokuja, huna budi kumwaga lita nyingine 6,500. Ukiiruhusu ikolee mara tano utamwaga lita 1,625 tu, lakini mabomba yatakuwa yanakunywa maji yenye ukali mara tano. Mwenye maji mengi humwaga na kulala usingizi. Penye maji haba kila dumu linalomwagwa ni la mbuzi au la mtoto, kwa hiyo mwenye mashine huacha chumvi ikolee. Miji ya Ghuba, inayowajua Waswahili wengi waishio huko, hupunguza mzigo huu kwa kutumia maji taka yaliyosafishwa katika baadhi ya mitambo mikubwa ya kupozea, yale ya kunywa yakabaki kwa watu.

Tiba ya pili ni dawa, na hapa pana kisa cha kuogofya. Huko Hinkley, California, kati ya mwaka 1952 na 1966 kituo cha kusukuma gesi cha kampuni ya PG&E kilitia kromiamu katika maji ya minara yake ili kuzuia kutu. Kutu ilizuiwa. Lakini maji yaliyomwagwa yaliwekwa katika madimbwi yasiyosakafiwa, yakanywea ardhini hadi kwenye maji ya visima vya wakazi. Mwaka 1996 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 333, na kisa kikawa filamu, Erin Brockovich, mwaka 2000. Marekani ilipiga marufuku dawa hiyo katika minara ya viyoyozi mwaka 1990. Kwa Ijara, ambako kinachomwagwa karibu na kisima chaweza kurudi kisimani, hadithi ya Hinkley si ya mbali. Hata maji ya rejeta yenye dawa ya dukani yana sumu. Ng'ombe mwenye kiu hatachagua dimbwi.

Kwenye rejeta, hata hivyo, tiba ni nyepesi kuliko kwenye mnara, kwa sababu kiasi cha maji ni kidogo. Injini ya kisimani haihitaji maji ya kisima. Paa la mabati la kibanda chake, mfereji mmoja na pipa lenye kifuniko hukusanya wakati wa masika na vuli, au gu na deyr kama wasemavyo wenyeji, maji ya mvua ya kutosha kuijaza rejeta mara nyingi. Kwa kuwa ni maji yenye njaa, hutiwa dawa ya kuzuia kutu kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kisha kifuniko kinachovuja hubadilishwa. Pampu za jua zinazoendelea kuenea zimeiondoa rejeta katika visima kadhaa, ingawa mabomba yaliyomo kisimani yamebaki palepale ndani ya chumvi.

Kutambua kabla ya kutibu

Turudi kwa mzee na kutu yake nyeupe. Kabla ya kumimina chochote angeweza kukwangua kipande akakitia katika sahani na kukidondoshea maji ya ndimu. Kikitoa povu, ni ukoko wa chokaa. Ukoko huo huyeyushwa polepole kwa asidi hafifu ya aina ya ndimu, injini ikiwa baridi, kisha rejeta ikasuuzwa mara kadhaa kwa maji matamu. Unga ukiwa mwekundu, nao usipotoa povu, ni kutu, na asidi itamalizia kazi ambayo kutu imeianza. Asidi ya betri haifai kwa lolote kati ya hayo: hula aluminiamu, tena ikikutana na chokaa huigeuza kuwa jasi.

Na jasi ndiyo mtego wa mwisho wa jaribio hili. Ni madini meupe yaleyale yanayopatikana kwa wingi El Wak, katika Kaunti ya Mandera, na maji ya baadhi ya visima vya kaskazini-mashariki huyabeba. Ukoko wa jasi ni mweupe kama wa chokaa, lakini hautoi povu kwa ndimu wala hauyeyuki kwa asidi ya kawaida. Mtu akiona weupe usiochemka, aiweke ndimu kando. Fundi atafungua rejeta, atoe vichwa vyake vya juu na chini, na kupitisha ufito mwembamba katika kila mrija, mmoja baada ya mwingine.